Taji nne juu ya kichwa cha Suleiman

Mwaka 1535 Agostino Veneziano, mchonga nakshi wa Italia, alitia tarehe kwenye bamba la shaba lenye uso wa Sultani Suleiman. Uso unatazama upande, kwa mtindo wa makaizari wa Roma kwenye sarafu zao. Kichwani kuna chapeo, na kwenye chapeo hiyo kuna taji nne zilizopandana, kisha shungi la manyoya. Ukiipitia picha haraka unamwona mfalme mwenye mali kupita kiasi. Ukirudi kuitazama, maswali yanaanza.

Masultani wa Osmani hawakuwa watu wa taji. Walivaa kilemba. Tena Agostino alikuwa Italia, na Suleiman alikuwa Istanbul.

Basi picha ni ya kubuni, yamekwisha. Ndivyo nilivyotaka kuliacha jambo hili, likakataa kuachika kwa wiki kadhaa, kwa sababu moja.

Chapeo ile ilikuwapo.

Mzigo uliotoka Venice

Mwanzoni mwa 1532 wafua dhahabu wa Venice, Luigi Caorlini akiwa miongoni mwao, walikamilisha chapeo ya dhahabu yenye taji nne, iliyojaa almasi, lulu, yakuti na zumaridi. Marino Sanudo, ambaye kwa miaka mingi aliandika kila siku mambo ya mji huo, aliiona mwezi Machi na akaandika thamani yake: dukati 144,400, yaani sarafu za dhahabu za Venice. Haikuwa zawadi. Ilikuwa biashara ya watu waliochanga mtaji, wakatengeneza kitu ambacho mnunuzi wake duniani alikuwa mmoja, kisha wakakipeleka Istanbul kwa mlango wa Waziri Mkuu Ibrahim Pasha.

Hesabu ya taji haikuja kwa bahati. Taji la Papa lina ngazi tatu. Na miaka miwili tu nyuma, Februari 1530, Papa Klementi VII alikuwa amemvika Karl V taji la Kaizari mjini Bologna. Suleiman alipotoka na jeshi mwaka 1532 kuelekea Vienna, chapeo yenye taji nne ilikuwa jibu ambalo mjumbe yeyote wa Ulaya angelielewa bila mkalimani. Wajumbe walionyeshwa, wakaiona, wakadhani ndilo taji la dola.

Ibrahim aliuawa Machi 1536. Chapeo haipo tena. Inaelekea iliyeyushwa na vito vikapata kazi nyingine.

Picha ikabaki.

Maana yake ni kwamba mtu wa Venice aliweza kuiona chapeo kabla haijapakiwa, lakini mwenye kuivaa hakuweza kumwona. Kilichochorwa kwa kushuhudia ni kofia. Kichwa kilichowekwa chini yake ndicho cha kusikia. Na hata baada ya kuliweka hivyo bado picha inadanganya, kwa sababu hicho kitu cha kweli ndicho kinachomsadikisha mtazamaji uongo mkubwa zaidi: kwamba Sultani alikuwa akivaa hivi.

Mazoea ya kuamini chuma

Wanaozishughulikia picha hizi za nakshi za wafalme na majemadari wana mazoea ambayo mimi pia nilikuwa nayo: uso utilie shaka, dirii iamini. Yana sababu nzuri. Uso wa mtawala uliweza kutoka popote. Kitabu kikubwa cha historia ya dunia kilichochapwa Nuremberg mwaka 1493 kina picha 1,809 zilizotokana na vipande 645 tu vya mbao. Mfalme mmoja anajitokeza tena kurasa mbele akiwa na jina lingine, na wasomaji wa wakati ule hawakuona ajabu. Lakini dirii, upanga, mkufu wa nishani, hivyo ni vitu. Vinaazimwa, vinaletwa karakana, vinalazwa mezani, vinachorwa.

Halafu kuna suala la mikono. Kazi ya kunakshi shaba ilizaliwa kwenye karakana za wafua fedha na dhahabu. Baba yake Albrecht Dürer, msanii mashuhuri wa Nuremberg, alikuwa mfua dhahabu, na Dürer mwenyewe alianzia hapo kabla ya kwenda kwa mchoraji. Daniel Hopfer wa Augsburg alikuwa mtia nakshi kwenye dirii kwa tindikali, na alipoanza kuchapa picha alitumia mabamba ya chuma na tindikali ileile ya kazi yake. Mtu wa namna hiyo anajua ukingo wa bamba la bega unakunjwaje na riveti inakaa wapi. Akikosea, mteja wake ni wa kwanza kumcheka.

Kwa hiyo mazoea hayo si ya kijinga. Yanakosa tu kipande kimoja, na ili kukiona kipande hicho inabidi kushuka hadi kwenye bamba lenyewe.

Bamba

Bamba ni la shaba nyekundu, unene wa milimita moja hadi mbili, lililofuliwa kwa nyundo hadi likawa gumu na bapa. Linasuguliwa kwa jiwe la pumisi na maji, kisha kwa mkaa, mwisho kwa mafuta na chuma laini cha kung'arishia. Mkwaruzo mmoja uliosahauliwa utashika wino na kutokea kwenye kila karatasi, kwa kawaida katikati ya paji la uso wa mtukufu fulani. Kingo zake zinapigwa tupa zilale, la sivyo zitaipasua karatasi ndani ya mtambo.

Mchoro unahamishwa kwa kupaka chaki nyekundu mgongoni mwa karatasi, kuilaza juu ya bamba lililopakwa nta nyembamba, na kufuata mistari kwa ncha butu. Baada ya hapo inakuja burini: kijiti cha chuma kigumu chenye pembe nne, kilichonolewa mshazari ili kiwe na ncha, na mpini mfupi unaokaa kwenye kiganja. Burini haivutwi. Inasukumwa. Mkono wenye burini unakaribia kutulia kabisa; kinachozunguka ni bamba, likiwa limelazwa juu ya mto wa ngozi uliojazwa mchanga. Ndiyo maana mistari ya mikunjo ya nguo inaweza kupinda kwa ulaini mkubwa: ni bamba zima lililogeuzwa na mkono wa kushoto.

Pembe ya kusukumia ndiyo kila kitu. Ukiiinua mno, ncha inazama, inakwama, na mara nyingi inavunjika humo. Ukiilaza mno, inateleza na kukata mstari usiotakiwa hadi ukingoni. Hapo fundi anakwangua, anang'arisha, kisha anatafuta upande wa nyuma mahali palepale kwa kutumia bikari na kugonga taratibu kwa nyundo ili shimo liinuke. Wanaozijua chapa hizi wanaweza kukuonyesha sehemu kama hiyo: eneo dogo lenye mistari michafu kidogo, ambako rangi haikai sawa na jirani zake.

Hendrik Goltzius wa Haarlem ndiye aliyeipeleka pembe hiyo mbali kuliko wote. Aliungua mkono wa kulia utotoni, vidole vikabaki vimejikunja, na kuna mchoro maarufu aliouchora mwenyewe wa mkono huo. Katika kazi zake mstari unaanza mwembamba kama unywele, unanenepa kadiri burini inavyozama, kisha unapungua tena hadi kutoweka. Njia hiyo ilifaa ajabu kwa chuma kinachong'aa. Bamba la kifua linapata uvimbe wake kwa mistari sambamba inayonenepa na kukonda, bila kuhitaji kivuli kingine chochote. Mwaka 1581 alichonga picha ya Willem wa Orange na ya mkewe Charlotte de Bourbon. Jemadari yumo ndani ya dirii yake, na jicho linavutwa kwenye chuma kabla halijafika usoni.

Linavutwa kwa sababu chuma ndicho kilichopewa mistari mikubwa.

Uso unatangulia kufutika

Hiki ndicho kipande kilichokuwa kinakosekana.

Uchapaji wa nakshi ni kazi ya kubana. Wino wa masizi na mafuta ya kitani yaliyochemshwa unasukumwa ndani ya mistari bamba likiwa la uvuguvugu. Juu panafutwa kwa kitambaa, kisha kwa kiganja kilichopakwa chaki kidogo, hadi shaba ing'ae na wino ubaki mistarini tu. Karatasi ya matambara ya kitani, iliyoloweshwa mapema na kuachwa hadi unyevu uenee sawasawa, inalazwa juu, inafunikwa blanketi za sufu, na vyote vinapita kati ya magogo mawili mazito. Karatasi inaingia mistarini na kuutoa wino. Ikiwa kavu mno, mistari inatoka imekatikakatika. Ikiwa na maji mengi, wino unasambaa.

Sasa, kila chapa inalila bamba. Kile kiganja kinachofuta na yale magogo yanayobana vinapunguza uso wa shaba kidogo kidogo, na mistari ya juujuu ndiyo inayoisha kwanza. Mistari ya juujuu iko wapi? Shavuni. Kwenye kope. Kwenye vile vidoto na vikwaruzo ambavyo fundi alivigusa kwa ncha tu ili nyama ya uso isionekane kama mbao. Dirii, nguo na kivuli cha nyuma vilichimbwa kwa nguvu. Hivyo vitaendelea kutoka vyeusi muda mrefu baadaye.

Kwa hiyo katika chapa za mwisho za bamba lolote, dirii iko imara na uso ni mweupe kama barakoa.

Mwenye duka la picha hakulitupa bamba kwa sababu hiyo. Shaba ni mali, na jina la mtawala bado linauza. Alimpa fundi mwingine arudishie mistari iliyokufa, na fundi huyo kwa kawaida hakuwa na mchoro wa awali mbele yake, achilia mbali mtu mwenyewe. Alifuata alama zilizobaki. Kope zikawa waya, mdomo ukakazwa, nywele zikapata mistari iliyonyooka. Bamba lilipouzwa, jina la mchapaji lilikwanguliwa pale chini na jingine likachongwa, na mara nyingine tarehe ikaachwa ileile. Unanunua chapa yenye tarehe ya mwaka fulani, dirii ni ya mkono wa kwanza, uso ni wa mkono wa tatu.

Tunaposema uso hauaminiki na chuma kinaaminika, basi, sehemu ya tofauti hiyo haitokani na fundi wa kwanza hata kidogo. Inatokana na kina cha mistari. Nilipolielewa hili ndipo kanuni yangu ilipoanza kulegea.

Kushoto, kulia

Kuna jambo jingine linaloitikisa. Chapa inatoka kinyume cha bamba. Fundi makini aliugeuza mchoro kwanza, au alichonga huku akiutazama kwenye kioo; fundi mwenye haraka alinakili alichopewa moja kwa moja. Maandishi hayakosewi sana, kwa sababu kila mtu angeona. Vingine vilipita.

Namna ya kukagua ni kuacha uso na kwenda kwenye vifaa. Upanga huning'inia kiunoni kushoto. Kwenye dirii ya mpanda farasi, kulabu ya kuegemezea mkuki hufungwa upande wa kulia wa kifua, na bamba la bega la kulia hukatwa nafasi ili mkuki upite, wakati la kushoto ni pana zaidi kwa sababu ndilo linalopokea pigo. Ukikuta kulabu iko kushoto, umeshika picha iliyogeuzwa, na kovu la shavuni au mvi za upande mmoja navyo vimehama. Mara nyingi maana yake ni kwamba umeshika nakala ya nakala. Karakana za Antwerp na Roma zilinakiliana bila haya, na nakala iliyochongwa kutoka chapa bila kugeuzwa lazima itoke kinyume.

Nakala ya hiyo nakala inarudi sawa, hapo ndipo pabaya.

Kardinali na dhiraa zake ishirini

Hadi hapa nimesema kana kwamba hakuna mtawala aliyewahi kukaa mbele ya mchonga nakshi. Walikaa, na walilipa.

Mwaka 1519 Dürer alichonga uso wa Kardinali Albrecht wa Brandenburg, Askofu Mkuu wa Mainz, kwenye bamba dogo. Katika barua anaeleza alichotuma: bamba lenyewe pamoja na chapa 200. Alicholipwa: gulden 200 za dhahabu na dhiraa 20 za damaski za kushonea koti. Mwaka 1523 akamchonga tena, safari hii uso ukitazama upande, na akatuma bamba na chapa 500. Mara ya pili ilibidi aandike kuulizia kama mzigo umefika.

Angalia alichonunua Kardinali. Alinunua bamba. Mwenye bamba ndiye anayeamua chapa ngapi zitoke, zimfikie nani, na lini lipumzike. Ile picha ya 1519 iliingizwa mwaka uliofuata kwenye kitabu cha orodha ya masalia ya watakatifu aliyoyakusanya Halle. Nakshi haikuwa pambo la ukutani. Ilikuwa kitu cha kutia ndani ya barua, cha kubandika mwanzo wa kitabu, cha kumpa mgeni anayeaga.

Kwenye bamba la 1519 Dürer aliandika mstari wa Kilatini uliochotwa kwa Virgil, mshairi wa Roma ya kale, kwamba ndivyo yalivyokuwa macho yake, ndivyo mashavu, ndivyo uso. Ni dai la shahidi. Na kwa Albrecht, kama kwa Friedrich Mwenye Hekima wa Saxony aliyechongwa mwaka 1524, tunalipokea, kwa sababu uzito wa kidevu, mifuko ya chini ya macho na ule uchovu wa Friedrich si vitu ambavyo mtu huviongeza ili kumpendeza bwana. Friedrich alifariki mwaka uliofuata.

Uso, basi, unaweza kuwa wa kweli kabisa. Lakini Dürer huyohuyo ana mtego wake. Mwaka 1526 alimchonga mwanateolojia Philipp Melanchthon, ambaye si mtawala wala mpiganaji, namtaja kwa ajili ya macho yake tu. Ndani ya mboni kuna dirisha: fremu, nondo za kukatiza, mwanga unaoingia. Nyuma ya kichwa kuna anga tupu. Yuko nje, na dirisha liko machoni. Hicho ni kipande cha kweli kutoka chumba cha kuchorea, kimebebwa mzima na kuwekwa mahali kisipoweza kuwapo, na ndicho kinachomfanya mtazamaji aapie kwamba yule mtu anapumua.

Ni chapeo ya Suleiman tena, kwa kipimo cha milimita mbili.

Kaizari baada ya kufa

Tarehe 28 Juni 1518 Dürer alimchora Maximilian I kwa mkaa mjini Augsburg, na kwenye karatasi hiyo aliandika kwamba ilikuwa juu kabisa ghorofani, katika kijichumba cha Kaizari. Maximilian alifariki Januari 1519. Kutokana na mchoro ule Dürer alitoa picha ya kuchapwa kwa mbao, na mahitaji yakawa makubwa kiasi kwamba wengine walichonga vipande vyao vya mbao vinavyofanana navyo.

Mwaka 1520, kule Uholanzi, Lucas van Leyden akatoa Maximilian wake. Hakuwa na mchoro wa ana kwa ana. Alikuwa na chapa ya Dürer. Ila alifanya jambo ambalo halikuwa la kawaida: nguo, mikono na sehemu kubwa ya mandhari alizichora kwa tindikali kwenye shaba, na uso akauchonga kwa burini.

Fikiria kwa nini. Kuchora kwa tindikali ni kufunika bamba kwa nta, kukwaruza nta kwa sindano, na kuiacha tindikali ile shaba palipo wazi. Mkono unakwenda huru, kazi inaisha haraka, lakini mstari unatoka na unene mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Burini ni ya taratibu na inaweza kunong'ona. Lucas aliigawa kazi kulingana na mahali alipotaka umakini uonekane. Uso ambao hakuwahi kuuona ndio aliouchonga kwa uangalifu mkubwa kuliko vyote.

Hapo ndipo niliacha kutumia uangalifu wa fundi kama ushahidi wa chochote.

Mashujaa wa Ambras

Ferdinand II, mtawala wa Tirol huko Austria, alijenga mkusanyiko wake kwenye kasri la Ambras, karibu na Innsbruck, kwa wazo rahisi na la gharama: dirii halisi za majemadari mashuhuri, kila moja ikiwa na picha na habari za mwenyewe. Aliwaandikia wakuu na familia zao barua akiziomba. Alifariki 1595, na mwaka 1601 kikatoka kitabu kwa Kilatini kilichoandaliwa na katibu wake, Jakob Schrenck von Notzing: nakshi 125 za ukurasa mzima, zilizochongwa na Dominicus Custos kwa michoro ya Giovanni Battista Fontana. Toleo la Kijerumani likafuata 1603. Kila jemadari amesimama wima ndani ya dirii, ndani ya kishubaka kilichopambwa, mkono kiunoni au juu ya upanga.

Kama mazoea ya kuamini chuma yana mahali pa kushinda, ni hapa. Dirii zilikuwepo, nyingi zipo Vienna hadi leo, na unaweza kulinganisha mkanda wa nakshi mmoja baada ya mwingine.

Lakini dirii haina ulimi. Kwamba iliwahi kuvaliwa na fulani, na katika vita fulani, ni habari iliyokuja kwenye barua iliyoambatana nayo, kutoka kwa familia iliyopenda kuwa na shujaa. Mwili uliomo ndani ya chuma kwenye picha umetungwa na Fontana kwa ajili ya kusimama vizuri. Kichwa kimetoka kwenye picha nyingine, pengine nakala ya zile zilizokusanywa na Askofu Paolo Giovio huko Como, ambazo nazo zilikuwa za kila aina: zilizochorwa mbele ya mtu, zilizotolewa kwenye sarafu, zilizokisiwa. Cosimo I, mtawala wa Firenze, alimtuma mchoraji Cristofano dell'Altissimo kuzinakili kuanzia 1552, na ndiyo maana hadi leo kwenye makumbusho ya Uffizi mjini humo kuna uso wa Mfalme Lebna Dengel wa Ethiopia ukiwa umepangwa pamoja na wafalme wa Ulaya, kwa kipimo kilekile, kana kwamba wote walikaa kwenye kiti kimoja.

Vitu vitatu vyenye asili tatu, vimeunganishwa kwa mstari mmoja wa burini unaopita bila kukatika kutoka shingoni hadi kwenye ukosi wa chuma. Huo mstari usiokatika ndio unaotulaghai. Mkono wa Custos ni mmoja, wino ni mmoja, kwa hiyo tunadhani na ushahidi ni mmoja.

Suleiman wa pili

Melchior Lorck, mzaliwa wa Flensburg, alifika Istanbul mwaka 1555 na ujumbe wa Ogier Ghiselin de Busbecq, akakaa hadi 1559. Bamba lake la Suleiman lilichongwa 1562, na maandishi yake ni marefu kuliko kawaida. Yanasema huyu ni mtoto wa Selim, kwamba alirithi mwaka 1520, mwaka uleule Karl V alipovikwa taji Aachen, na kwamba sura hii imetolewa kwa ukweli kabisa mjini Constantinople tarehe 15 Februari 1559.

Hakuna taji. Kuna kilemba kikubwa, na chini yake uso wa mzee aliyekonda: mashavu yameingia ndani, shingo ina mishipa, macho yamezama. Amefikia umri wa miaka sitini na kitu. Busbecq katika barua zake anaandika kwamba Sultani alijipaka unga mwekundu usoni ili wajumbe wa nje wamwone ana afya. Nakshi haina rangi nyekundu. Ina nyeusi na weupe wa karatasi, na ili kuonyesha shavu inabidi fundi aseme mfupa uko wapi na nyama imeishia wapi. Sijui kama Lorck alikusudia kuufuta ule unga. Burini iliufuta kwa niaba yake.

Nikiwekewa hizi mbili mezani, ya 1535 na ya 1562, nitaichukua ya Lorck kama ushahidi wa uso na ya Agostino kama ushahidi wa chapeo, na sitaruhusu moja imdhamini mwenzake. Kwenye ya Agostino nitaliona hilo kirahisi kwa sababu taji nne zinajipigia kelele zenyewe. Kwenye ya Lorck ni kazi zaidi. Kila kitu kinaendana, na tarehe imewekwa hadi siku.

Ndiyo maana naitaja na picha ya tatu. Mwaka 1574 Lorck alimtoa Suleiman mzimamzima, amesimama, na upanga ubavuni. Nyuma yake kuna tao, na kupitia tao unaonekana msikiti wa Süleymaniye, kazi ya msanifu majengo Sinan iliyokamilika wakati Lorck akiwa mjini humo. Pia kuna tembo. Msikiti ni wa mtu aliyeuona na kuujua. Kichwa ni kilekile cha mzee wa 1559, kimehamishwa juu ya mwili mrefu uliosimama imara. Sultani alikuwa amefariki huko Szigetvár mwaka 1566, miaka minane kabla.